Maji Yaliyoachiwa Yamefika Wapi? Namna ya kukadiria upotevu na muda wa safari ya maji mtoni

Ugomvi mwingi wa maji wakati wa kiangazi huanza kwa makubaliano mazuri. Kamati imekaa, wakulima wa juu wamekubali kufunga banio lao saa 12 jioni ili wa chini wamwagilie usiku. Saa 2 usiku wa chini wanafika mtoni na tochi na majembe, wanakuta maji yale yale ya jana, hayazidi kifundo cha mguu. Wanasubiri saa nzima, hakuna kinachobadilika, wanarudi nyumbani na hasira. Kesho yake kikao kinavunjika. Wa juu wanaapa walifunga, wa chini wanaapa maji hayakuja, na mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli.

Kinachokosekana kwenye kikao hicho ni namba mbili: maji hutumia muda gani kutoka banio la juu hadi la chini, na kiasi gani hupotea njiani. Namba hizo hazihitaji mhandisi kutoka mjini. Watu wanne, kamba, fimbo, simu na daftari vinatosha kuzipata kwa usahihi unaofaa kugawia maji. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitafuta, na mfano wangu mkuu ni Ruaha Mkuu kule Usangu, kwa sababu sijui mto mwingine Tanzania ambako namba hizi zimekuwa na uzito kama pale. Maji hushuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere, yakijumuika na ya Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine midogo. Yanapita kwenye mifereji mingi ya wakulima na kwenye mashamba makubwa ya mpunga, yanaingia bwawa la asili la Ihefu, yanatokea Ng'iriama, yanakata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha yanafika bwawa la Mtera na baadaye la Kidatu kuzalisha umeme. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, viboko wakibaki wamesongamana kwenye madimbwi. Kila mtu ana mtu wa kumlaumu, na wachache wana vipimo.

Anza na kiasi cha maji. Tafuta sehemu ya mto iliyonyooka, yenye upana usiobadilika sana, isiyo na mawe makubwa wala matawi yaliyozama. Pima mita 20 kando ya ukingo, weka mti mmoja juu na mwingine chini. Kabla hujaingia majini, uliza wenyeji habari za mamba na viboko, na usiingie kabisa mto ukiwa umefura. Kwenye maji yanayotuama kumbuka pia kichocho. Buti za mpira ni gharama ndogo.

Tandika kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo na pima kina kwa fimbo kila baada ya mita moja. Tuseme mto una upana wa mita 6, na kina ulichokipata ni sentimita 20, 45, 50, 40 na 25, kingo zote mbili zikiwa sifuri. Jumlisha: ni mita 1.8, na kwa kuwa ulipima kila mita moja, eneo la mkato wa maji ni mita za mraba 1.8. Sasa chukua chungwa. Chungwa ni zuri kuliko kijiti au chupa tupu kwa sababu huzama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi, na rangi yake huonekana kwa mbali. Litupe mita chache juu ya mti wa kwanza ili likifika pale liwe limeshika mwendo wa maji, kisha hesabu sekunde hadi mti wa pili. Rudia mara tano au zaidi, katikati na pembeni, na yale yaliyonaswa kwenye majani usiyahesabu. Kama wastani ni sekunde 32, kasi ya uso wa maji ni mita 0.625 kwa sekunde.

Hapo ndipo wengi huzidisha haraka na kupata jibu kubwa kuliko ukweli. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, ambayo yanakwaruzana na mchanga na mawe. Kwenye mto wenye kina kirefu na sakafu laini, zidisha kasi ya chungwa kwa 0.85. Kwenye mto wa kina kifupi wenye kokoto kama huu wetu, tumia 0.7. Tunapata kasi ya wastani ya mita 0.44 kwa sekunde, na ukizidisha kwa eneo la 1.8 unapata karibu lita 790 kwa sekunde.

Usiikumbatie namba hiyo kama hati ya kiwanja. Kipimo cha chungwa kikifanywa kwa uangalifu kinaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa kujua tu kama mto umepungua, si tatizo. Kwa kutafuta upotevu ni tatizo kubwa, kwa sababu upotevu ni tofauti ya vipimo viwili, na makosa ya vyote viwili yanaweza kuzidi tofauti yenyewe. Ukipima vituo vilivyoachana kilomita 2 na kukuta tofauti ya asilimia 5, hujapata kitu. Refusha kipande, rudia vipimo siku kadhaa, na tumia watu wale wale, aina ile ile ya sehemu na kizidisho kile kile juu na chini, ili kosa likiwepo liegemee upande mmoja kote kuwili. Tena, omba bodi ya maji ya bonde lenu imlete mtaalamu na kifaa chake cha kupimia mkondo angalau mara moja kwa msimu, mpime naye siku hiyo hiyo. Mtajua mnakosea kwa kiasi gani na kuelekea wapi.

Kazi ikishaeleweka, simika ubao wenye alama za sentimita kila kituo, umefungwa imara kwenye nguzo ya daraja au kuta za banio. Kila mnapopima kwa chungwa, andikeni na kina cha ubaoni. Baada ya vipimo saba au nane vya maji mengi na machache mtakuwa na jedwali lenu: ubao ukisoma 32 ni lita hizi, ukisoma 41 ni lita zile. Toka hapo mtoto wa sekondari anaweza kukadiria maji ya mto mzima kwa kutupia jicho.

Sasa muda wa safari, jambo ninaloliona kuwa chanzo cha magomvi mengi kuliko wizi wa maji. Mto una miendo mitatu tofauti, na watu huizungumzia kana kwamba ni mmoja.

Mwendo wa kwanza ni wa maji yenyewe: chungwa ukiliacha lielee kutwa nzima, au dawa iliyomwagika mtoni. Huo ndio wa kuhesabu kama kuna sumu imeingia na mnataka kuonya kijiji cha chini wasichote.

Wa pili ni wa ongezeko. Mto ukiwa tayari unatiririka, ukiongeza maji juu, yale mapya huyasukuma na kuyainua yaliyotangulia. Mtu wa chini anayeona ubao ukipanda haoni maji yaliyoachiwa leo asubuhi. Anaona maji yaliyokuwa njiani, yamesukumwa. Ndiyo maana ongezeko hufika mapema kuliko maji yenyewe, kwa kawaida mara 1.3 hadi 1.7 ya kasi ya wastani. Kwa mwendeshaji wa bwawa na kwa msimamizi wa zamu, huu ndio mwendo wenye maana. Kati ya Mtera na Kidatu kuna kilomita kama 170. Ongezeko likienda mita 1.5 kwa sekunde lingechukua karibu saa 31, kwa hiyo anayetaka maji Kidatu kesho jioni anapaswa kuwa ameshafungua leo asubuhi.

Wa tatu ni mwendo wa maji kwenye mto mkavu, na huo huwadanganya hata wazoefu. Kabla ya kusonga mbele, maji lazima yajaze kila dimbwi na kuushibisha mchanga. Chukua mto wenye upana wa mita 10 na urefu wa kilomita 18, mchanga una kina cha mita moja, na nafasi tupu kati ya chembe zake ni theluthi hivi, tuseme asilimia 30. Mchanga huo unameza mita za ujazo 54,000. Ukiachia lita 500 kwa sekunde, kwa siku ni mita za ujazo 43,200. Maana yake maji yote ya siku nzima na robo yanakwenda kwenye mchanga kabla mtu wa mwisho hajaona tone. Sasa fikiria kamati inayoachia maji siku moja kila wiki kwenye mto uliokauka: inamwagilia mchanga mwaka mzima na kuwatuhumu wa juu.

Kupima mwendo wa ongezeko ni rahisi, ila kunahitaji nidhamu. Chagueni siku isiyo na mvua, mto ukiwa umetulia tangu jana. Wa juu wafunge mfereji wao saa 12 kamili asubuhi, ili maji yote yabaki mtoni. Kila kituo cha chini kiwe na mtu anayesoma ubao kila nusu saa na kuandika. Tuseme kituo kilicho kilomita 18 chini kinaona ubao ukianza kupanda saa 5 asubuhi, unafika nusu ya ongezeko saa 7 mchana, na unatulia saa 10 jioni. Muda upi uandike? Andika ule wa nusu. Mwanzo wa kupanda hauonekani vizuri na kila mtu atautaja wake; mwisho wake nao hurefuka. Nusu ni imara. Kwa hiyo safari ni ya muda wa saa 7, sawa na kasi ya mita 0.71 kwa sekunde. Linganisha na kasi yetu ya wastani ya 0.44: ni mara 1.6 hivi, ndani ya kiwango nilichokitaja. Kama mngepata mara 3, au chini ya mara moja, mngejua kuna kosa kwenye saa au kwenye chungwa.

Turudi kwa wale wa tochi na majembe. Banio likifungwa saa 12 jioni na kufunguliwa saa 12 asubuhi, zamu yao halisi inaanza saa 7 usiku na kuendelea hadi saa 7 mchana kesho yake. Walipoondoka mtoni na hasira, maji yalikuwa bado njiani. Na yalipofika, hakuna aliyekuwa macho, yalipita. Ratiba ya zamu lazima iandikwe kwa saa ya kila kijiji, yaani saa ya kufunga pamoja na muda wa safari, na ibandikwe pale penye banio ambapo kila mtu anapita.

Somo jingine la siku hiyo ya kipimo ni namna wimbi linavyolala. Juu, maji yaliongezeka mara moja. Chini, kupanda kulichukua muda wa saa 5. Basi zamu ya muda wa saa 3 haiwezi kamwe kufika chini ikiwa na kimo chake. Itafika imesambaa, fupi, pengine isifikie hata mdomo wa mfereji. Naona kamati nyingi zikigawa zamu fupi fupi kwa nia njema kwamba kila mtu apate kila siku. Kwa mto mrefu, nia hiyo huwaumiza walio mwisho. Wape siku mbili mfululizo kwa wiki badala ya masaa machache kila usiku.

Baada ya kuujua muda, ndipo upotevu unaweza kuhesabiwa kwa haki. Ukipima juu saa 12 asubuhi na chini saa 12 asubuhi hiyo hiyo, unalinganisha maji mawili tofauti. Kwa mfano wetu, kituo cha chini kipimwe saa 7 mchana. Juu tulipata lita 790. Njiani kijito kimoja kinaingiza lita 20, na mfereji mmoja unaojulikana unachukua 60. Chini tunapata 640. Anza na 790, ongeza 20, toa 60, toa 640: zimebaki lita 110 kwa sekunde ambazo hazina maelezo, karibu lita 6 kwa kila kilomita.

Nani kazichukua? Jibu la kwanza linalosikika kikaoni ni jua. Lijaribuni kwa hesabu. Kiangazi cha tambarare zetu jua na upepo huondoa tuseme milimita 6 za maji kwa siku. Mto wa upana wa mita 6 na urefu wa mita 18,000 una uso wa mita za mraba 108,000. Zidisha kwa 0.006, ni mita za ujazo 648 kwa siku, yaani lita 7.5 kwa sekunde. Jua limechukua chini ya sehemu moja ya kumi ya kinachotafutwa. Zaidi ya lita 100 zimekwenda kwingine: mchangani, kwenye mizizi ya miti ya kandokando, au kwenye mfereji na pampu ambazo hazikutajwa kikaoni.

Kutenganisha hayo, gawa kile kipande cha kilomita 18 katika vipande vifupi na upime kila kimoja. Upotevu wa mchanga husambaa na ni ule ule usiku na mchana. Miti hunywa mchana na kupumzika usiku, kwa hiyo ubao huonyesha kushuka kidogo jioni na kupanda alfajiri, kila siku kwa mtindo ule ule. Lakini lita 40 zinapotoweka ndani ya mita 500, na vipimo vya siku kadhaa vikikubaliana, tembea kingo zote mbili; utakuta banio la magunia ya mchanga au bomba. Na kama lita hizo zinapotea usiku tu, unajua uende saa ngapi.

Usikimbilie kuita kila kilichotoka mtoni kuwa kimepotea. Usangu, maji yanayovuja kutoka majaruba ya mpunga ya mtu wa juu hukusanyika kwenye mifereji ya kutolea maji na kulisha mashamba ya mwingine, au kurudi mtoni chini zaidi. Pima sehemu yanaporudi kabla ya kumhukumu yeyote. Mfereji unaochukua lita 60 na kurudisha 25 si sawa na unaochukua 60 na kumaliza zote.

Kuna kosa moja la hesabu ambalo ningependa liondoke kabisa kwenye ratiba za kamati: kukata upotevu kwa asilimia isiyobadilika. Lita 110 kati ya 790 ni asilimia 14, na katibu anaandika asilimia 14 kwa msimu mzima. Mchanga hausomi asilimia. Mto ukipungua hadi lita 200, sakafu ni ile ile, imelowa karibu upana ule ule, na inaweza kuendelea kunywa lita 80 au 90. Mtu wa mwisho aliyeahidiwa lita 172 anapata 110, na anaamini ameibiwa. Andikeni upotevu kwa lita kwa kilomita, na upimwe upya maji yanapopungua.

Hesabu ya jua tuliyoifanya ina sura nyingine mto unapotawanyika. Ihefu ni mfano wake. Chukua kilomita za mraba 80 za maji na majani, milimita 6 kwa siku: ni mita za ujazo 480,000 kila siku, zaidi ya mita za ujazo 5.5 kwa kila sekunde. Na Ng'iriama pana kizingiti cha mwamba; maji ya Ihefu yasipofikia kimo chake, hakuna kinachotoka, hata kama mito bado inaingiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walichapisha mwaka 2006 makadirio kwamba ili zitoke mita za ujazo 0.6 tu kwa sekunde kwenda hifadhini wakati wa kiangazi, lazima ziingie Ihefu kama 7. Ukiweka namba hizo karibu na hesabu yetu rahisi, unaona zinakubaliana. Anayedhani kufunga mfereji mmoja wa lita 200 kutawafikishia viboko lita 200 anapaswa kuzitazama namba hizi. Maji ya ziada hapo kwanza huinua kimo cha Ihefu na kupanua eneo linalokaushwa na jua. Na muda wa safari haukadiriwi tena kwa kilomita na kasi bali kwa kimo cha maji kilichobaki chini ya mwamba. Kinachosaidia mto kutiririka ni maji mengi yaliyoachiwa kwa pamoja na mapema, Ihefu ikiwa bado imejaa, kuliko kidogo kidogo baada ya kizingiti kuachwa juu.

Watafiti waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa na ubao wa mbao uliochongwa kwa mfano wa bonde. Gololi zilikuwa maji, na wakulima wa juu na wa chini walicheza pamoja, wakiona nani anaishiwa. Ni njia nzuri ya kufungua mazungumzo. Ila gololi hufika chini kwa sekunde moja na hakuna inayozama mchangani, kwa hiyo baada ya mchezo wekeni daftari mezani.

Na daftari hilo lijazwe na pande zote mbili. Siku ya kipimo, mtu wa juu akasome ubao wa chini, na wa chini asimame penye banio la juu. Ushauri huu naushikilia kuliko mwingine wowote hapa, kwani namba iliyopimwa na upande mmoja haiaminiki kikaoni hata ikiwa sahihi. Safu zinazohitajika ni chache: tarehe, saa, ubao unasoma ngapi, milango ipi imefunguliwa, kama mvua imenyesha, na majina ya wasomaji wawili. Chini ya Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, jumuiya za watumiaji maji zina nafasi ya kushughulikia migogoro ya aina hii, na Kenya nako kuna jumuiya zinazofanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Afisa wa bodi ya maji akija na kukuta kurasa za msimu mzima, mazungumzo ya vibali vya kutumia maji huwa mafupi.

Masika yakipita, pimeni tena mkato wa mto kabla ya kulitumia lile jedwali la ubao. Mafuriko husogeza mchanga, huchimba upande mmoja na kufukia mwingine, na sentimita 32 za mwaka jana zinaweza kuwa maji mengine kabisa mwaka huu. Vipimo vitatu vipya kwa chungwa, kimoja cha maji mengi na viwili vya machache, vinatosha kuonyesha kama jedwali bado linafaa au linapaswa kuandikwa upya.